Mchanga unavyotunza habari za mlima
Umeuliza mchanga uliolala chini ya bahari unawezaje kueleza Himalaya iliinuka lini. Kinachopimwa si umri wa tabaka la mashapo peke yake, bali pia umri wa chembe zilizomo: apataiti, madini yenye urani kidogo ndani yake, huanza kutunza alama zinazoachwa na atomi za urani zinapopasuka pale tu inapopoa chini ya nyuzi joto 110 hivi za Selsiasi, yaani ingali kilomita kadhaa ardhini, kabla mmomonyoko haujaifichua na mito ya Ganges na Brahmaputra haijaibeba hadi Ghuba ya Bengal. Ukitoa umri wa tabaka, unaojulikana kwa visukuku au kwa usumaku wa miamba, kutoka katika umri wa chembe, yaani muda tangu ilipopoa, unapata muda wa safari yake kutoka ardhini hadi chini ya bahari. Muda huo ukiwa mfupi, miamba ilikuwa ikipanda kwa kasi kuelekea juu. Hapo ndipo ningekuwa mwangalifu, kwa sababu kinachosomwa moja kwa moja ni kufichuliwa kwa miamba, wala si kimo cha mlima, na mvua za monsuni nazo zaweza kuharakisha mmomonyoko bila kilele kuongezeka hata mita moja.