Tezi ya thairoidi: nimwone daktari gani?

Wengi walioniandikia safari hii wanauliza jambo moja kwa sura tofauti: bingwa wa thairoidi anapatikanaje, na akishapatikana, tiba ipi ni ipi. Nimechagua maswali matano.

Nimeambiwa tezi yangu ya shingo "haifanyi kazi vizuri". Nitafute bingwa gani?

Kabla ya kumtafuta mtu, ulizia majibu yako ya maabara, maana maneno hayo hayatoshi kuitwa ugonjwa. Kipimo cha kwanza ni TSH, homoni inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kuihimiza thairoidi ifanye kazi. T4 na T3 ni homoni zinazotoka kwenye thairoidi yenyewe. TSH ikiwa juu na T4 ikiwa chini, thairoidi imezembea. TSH ikizama huku T4 au T3 zimepanda, imezidisha kasi.

Iliyozembea, kwa mtu mzima asiye mjamzito wala mgonjwa wa moyo, daktari wa kawaida anaimudu. Sioni sababu ya kusubiri miezi kwenye foleni ya bingwa kwa ajili ya kidonge ambacho ungeanza kukimeza wiki hii. Bingwa wa homoni mtafute ikiwa tezi imezidisha kasi, ikiwa mgonjwa ni mtoto au mjamzito, au ikiwa vipimo vinapanda na kushuka ilhali dawa unameza sawasawa. Bingwa wa kisukari mara nyingi ndiye huyohuyo wa homoni, kwa hiyo usishangae kupelekwa kliniki yake.

Nitajuaje kama huyo bingwa anaijua kazi yake?

Angalia mikono yake. Anayeijua shingo husimama nyuma yako, akaweka vidole pande mbili za koo, akakupa maji na kukuambia umeze. Uvimbe wa thairoidi hupanda ukimeza, na vidole vyake vinausubiri. Kisha atakuambia unyooshe mikono, pengine akaweka karatasi juu ya vidole vyako kuona kama inatetemeka. Atauliza pia kama unatumia vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini, aina ya vitamini, ambayo huvuruga majibu ya vipimo hivi, kwa hiyo huachwa angalau siku mbili kabla ya kutoa damu.

Kama unapelekwa kwa daktari wa upasuaji, muulize bila haya: kwa mwaka unapasua thairoidi ngapi, na wangapi walibaki na sauti ya kukwaruza au kalsiamu iliyoshuka? Mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma tu ya tezi, na vitezi vinne vinavyotunza kalsiamu kwa kawaida vimejibanza papo hapo. Mzoefu hakasiriki kwa swali hilo. Theodor Kocher, mpasuaji wa Uswisi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii, ndiye aliyeeleza mwaka 1883 jinsi wagonjwa wake waliotolewa tezi nzima walivyodhoofika mwili na akili. Ndiyo maana leo anayeondolewa yote humeza homoni maisha yake yote.

Nameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, miezi kadhaa na bado nimechoka. Dawa ni dhaifu?

Dada yangu, niambie kwanza unaimeza vipi. Inatakiwa tumboni pasipo na kitu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai au kahawa. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo saa 4. Kila dozi ikibadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8; kupima mapema zaidi ni kupoteza pesa. Ikiwa TSH imekaa vizuri na uchovu haujaondoka, acha kuisukumia thairoidi lawama: wapime upungufu wa damu, waulize na usingizi wako na sonona.

Nina ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili huichochea thairoidi ikazidisha kasi. Nimepewa chaguo la vidonge, iodini ya mionzi au upasuaji.

Mimi ningeanza na vidonge vya kupunguza kasi ya tezi, kabimazoli au methimazoli, kwa miezi 12 hadi 18. Karibu nusu ya watu ugonjwa huwarudia baadaye, na ni vizuri ulijue hilo mapema. Ukipata homa na koo kuuma ukiwa kwenye dawa hizi, acha kumeza na upimwe chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Ni nadra kuisha, lakini zikiisha ni hatari.

Iodini ya mionzi kwa kawaida ni kumeza mara moja, nayo hula tezi polepole. Haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na baada yake mimba husubiri angalau miezi 6. Kama macho yamejitokeza, na hasa kama unavuta sigara, inaweza kuyazidisha. Upasuaji huwafaa wenye uvimbe mkubwa au wanaotaka kushika mimba karibuni.

Nina mimba changa na niko kwenye dawa ya thairoidi. Niache?

Hapana mama, usiache mwenyewe. Kama ni levothairoksini, mwili sasa unaihitaji zaidi, mara nyingi kwa robo hadi theluthi, na TSH hupimwa takriban kila wiki 4 hadi nusu ya ujauzito. Kama ni kabimazoli au methimazoli, piga simu kwa daktari wako leo, usingoje tarehe ya kliniki: wiki za mwanzo dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto, na yeye ndiye ataamua kukubadilishia au kukusimamishia.