Ukipewa Jibu la CD4, Fahamu Kilichohesabiwa

Kwa miaka kadhaa nimepima damu za watu wanaoishi na VVU, na wengi huniuliza jambo moja. Mama mmoja alinifuata dirishani ameshika kadi yake ya kliniki: jibu la awali la CD4 lilikuwa 520, la siku ile 430. "Mwanangu, dawa zimeshindwa?" Nilipomdadisi, nikagundua kwamba damu ya kwanza ilitolewa jioni, na ya pili mchana, akiwa na mafua makali.

CD4 si seli, bali ni protini iliyochomoza kwenye utando wa nje wa seli T saidizi, seli nyeupe za damu zinazosaidia kuongoza kinga ya mwili. Seli iliyomeza kijidudu huonyesha kipande chake kikiwa kimebebwa na molekuli ya HLA. Kipokezi cha seli T hukitambua kipande hicho, nayo CD4 huishika HLA ili ishara ipenye vizuri ndani. Hata hapo seli T haiamki kikamilifu mpaka molekuli yake nyingine, CD28, ikutane na CD80 au CD86, molekuli za seli ile iliyomeza kijidudu, na ishara hiyo ya pili ikikosekana hupoa na kunyamaza. Mimi huustaajabia uangalifu huu, kwa sababu ndio unaosaidia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Inaniuma kwamba VVU huishika CD4 hiyo hiyo, kisha mara nyingi protini nyingine ya seli hiyo iitwayo CCR5, ndipo viingie ndani.

Maabara tunazitambua seli hizo kwa kingamwili zenye rangi ing'aayo zinazonasa kwenye CD4, kisha mashine huzihesabu, na hesabu hiyo ndiyo jibu lako. Damu ya kipimo hiki haiwekwi kwenye friji, kwa kuwa baridi huharibu hesabu.

Hesabu hiyo hupanda na kushuka kwa saa za siku na kwa maradhi kama mafua, kwa hiyo nakusihi uombe kutolewa damu saa zile zile kila mara, useme kama unaumwa, na ulinganishe majibu kadhaa badala ya mawili tu. Anayetaka kujua kama dawa zinafanya kazi aulizie wingi wa virusi, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekipa kipaumbele tangu 2013. Ila jibu likiwa chini ya 200 usisubiri, muone daktari mara moja, na kwa vyovyote vile usiache dawa.

Yule mama alipopimwa tena baada ya kupona mafua, hesabu yake ya CD4 ilikuwa 505, na virusi havikuonekana kwenye kipimo.