Nimeifuta, mbona bado "haijasomwa"?

SWALI: Nafuta matangazo ya Gmail bila kuyafungua, lakini kwenye pipa la taka yanabaki na herufi nzito. Kwa nini?

JIBU: Ni alama mbili tofauti. Katika IMAP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya programu nyingi za barua pepe, \Seen ni ya kusomwa na \Deleted ni ya kufutwa. Moja haigusi nyingine. Na afadhali iwe hivyo: ukifuta kwa bahati mbaya, herufi nzito zitakuonyesha usiyoifungua. Zikikukera, ukiwa kwenye kompyuta tafuta in:trash is:unread, chagua barua zote, bonyeza bahasha iliyofunguliwa. Angalia: kuchagua huko hushika ukurasa ulio mbele yako tu. Ukiziacha barua hizo kwenye pipa, Gmail huziondoa kabisa baada ya siku 30.