Jibu: Twita mpya kwenye waya za kiwandani bila krosova

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuacha kisanduku cha krosova (kifaa kinachogawa sauti nzito na nyembamba kwa spika zake) na kuunganisha twita mpya, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, kwenye waya za zamani za gari, kwa kuwa twita za kiwandani zilifanya kazi bila kisanduku. Ukweli ni kwamba twita hizo nazo huwa na krosova, ila ndogo mno: kapasita moja, kijikifaa cha umeme kinachozuia sauti nzito, ambayo mara nyingi imebandikwa nyuma ya twita yenyewe, kwa hiyo unapoing'oa twita unaondoka nayo. Ukiunganisha twita mpya hapo bila kinga, itapokea besi yote na kuungua, pengine siku hiyo hiyo.

Kapasita ya maikrofaradi 10 kwa twita ya omu 4 huanza kuzuia masafa ya sauti yaliyo chini ya hezi 4,000 hivi, tena taratibu, kwa desibeli 6 tu kila oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Kisanduku chako huenda kina koili pia (waya uliozungushwa), inayozuia sauti nyembamba zisifike kwenye spika ya mlangoni.

Peleka waya wa redio kwenye sehemu ya kuingizia sauti ya kisanduku, kisha kutoka hapo vuta waya mpya hadi kwenye kila spika. Zile za zamani za twita zizibe kwa utepe, kwani kwa kawaida zimegawanywa kutoka kwenye waya ule ule wa mlangoni. Ikiwa gari lina ampilifaya (kikuza sauti) ya kiwandani, hapo mambo hubadilika, maana baadhi hugawa masafa zenyewe, kwa hiyo pima kwanza.