Re: Panya na mende kila baridi ikianza

Ndugu, umeuliza kama kupuliza dawa mapema kunatosha kuzuia panya na mende majira ya baridi. Hakutoshi. Wanafuata joto, chakula na maji, na nyumba yako ina vyote.

Anza na matundu kabla baridi haijakolea. Panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita 6 hivi, karibu unene wa penseli. Zunguka nje, kagua mabomba na nyaya zinapoingia ukutani, kisha tazama chini ya milango: ukiona mwanga, hapo pana njia. Jaza tundu kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, halafu ziba juu kwa saruji au silikoni. Povu la kuzibia usilitegemee peke yake, wanalitafuna.

Mende ni habari nyingine. Yule mdogo wa kahawia wa jikoni mara nyingi hakimbii baridi ya nje, analetwa na maboksi au vyombo vya mtumba. Anavumilia njaa kwa wiki kadhaa, lakini kiu haiwezi, kwa hiyo rekebisha bomba linalovuja na kausha sinki kila usiku. Tumia chambo cha jeli kwenye nyufa. Kupuliza kunawatawanya tu.

Kuni ziweke mbali na ukuta, uingize za siku hiyo tu.

Sumu ya panya mimi siipendi kabisa (akifia ndani ya ukuta utajuta). Tega mitego kandokando ya ukuta, upande wenye chambo ukielekea ukutani, maana panya hapendi kukatiza katikati ya chumba.