Maswali ya Wasomaji: Theluji ya Julai Iko Wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka kusini, na karibu zote zinazungumzia jambo moja: kuteleza kwenye theluji Ulaya katikati ya mwaka. Tumezijibu kwa mpangilio zilivyotufikia.

*Ndugu mhariri, mtoto wa dada yangu anasoma Aachen, Ujerumani, na ametualika Julai: mimi, mama yake na binti yangu wa miaka 16. Binti kang'ang'ania kwamba lazima ateleze kwenye theluji. Shemeji yangu aliyewahi kuishi huko anasema Julai ni majira ya joto, theluji haipo, watu wanaogelea. Nani mkweli? Na kama ipo, twende wapi?*
— Msomaji, Shangani, Mtwara

Shemeji anasema kweli kwa mabondeni. Aachen mwezi wa Julai watu wanavaa kaptula. Ukipanda juu ya mita 3,000 mambo hubadilika. Kule kuna barafuto, yaani barafu nene ya miaka mingi inayokaa mlimani mwaka mzima, na juu yake hubaki theluji iliyoanguka wakati wa baridi. Watu huteleza juu ya theluji hiyo.

Mahali pa kutegemea Julai na Agosti pamebaki pachache mno. Pa kwanza ni Zermatt, Uswisi. Kijiji chenyewe kiko mita 1,620, na gari la kebo linakupandisha hadi kilele cha Klein Matterhorn, mita 3,883. Magari ya mafuta hayaruhusiwi kuingia kijijini, hivyo unafika kwa treni kutoka Visp, au unaacha gari Täsch na kumalizia kwa treni ya dakika kumi na mbili. Pa pili ni Hintertux, Austria, ambako mitambo ya kupandisha watu inafika mita 3,250. Treni inakufikisha Jenbach, unabadili treni ndogo ya bonde la Ziller hadi Mayrhofen, kisha basi hadi mwisho wa barabara. Zote mbili hujitangaza kuwa wazi mwaka mzima, na Hintertux kwa kawaida ni nafuu kuliko Zermatt.

Italia kuna Passo dello Stelvio, ambako ratiba imegeuzwa: hufunguliwa mwishoni mwa Mei au Juni na kufungwa wakati wa baridi, kwa sababu barabara ya kupandia huzibwa na theluji. Ufaransa tahadhari. Tignes zamani ilikuwa wazi mwaka mzima, na Les 2 Alpes, yenye barafuto inayofika mita 3,600, ilikuwa na msimu mrefu wa joto. Siku hizi wakifungua, ni wiki chache za Juni na mwanzo wa Julai, na mwaka wenye joto hupunguza hata hizo. Norwe wana Stryn, Fonna na Galdhøpiggen. Ni vituo vidogo, na msimu wake mzuri ni Mei hadi mwanzo wa Julai.

Msitegemee sana tiketi mliyoikata miezi mitatu kabla. Mwaka 2022 joto lilikuwa kali hadi Zermatt wenyewe wakasimamisha utelezaji mwishoni mwa Julai, na Stelvio nao wakasimamisha. Barafuto za Uswisi zilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023. Kwa hiyo kodi chumba kinachoruhusu kughairi, nunua tiketi ya mlimani siku kwa siku, na kila jioni angalia tovuti ya kituo kuona njia zipi zitafunguliwa kesho.

Hata hivyo, kwa binti ambaye hajawahi kukanyaga theluji, hatushauri aanzie katika mojawapo ya milima hiyo. Mitambo mingi ya barafuto si viti. Ni kamba inayozunguka, yenye chuma cha umbo la T kinachokusukuma nyuma ya mapaja huku umesimama juu ya skii zako, zile mbao mbili ndefu nyembamba za kutelezea. Mgeni hukikalia kama kiti, anaanguka, na mstari mzima nyuma yake unasimama. Isitoshe, njia rahisi ni chache, na zile pana huwa zimezungushiwa uzio kwa ajili ya timu za mashindano zinazofanya mazoezi.

Mpelekeni kwanza Landgraaf, Uholanzi, kilomita kama 20 tu kutoka Aachen. Pale kuna jumba la theluji linalofanya kazi mwaka mzima, lenye njia ya zaidi ya mita 500, mteremko mdogo wa wanaoanza, walimu na vifaa vya kukodi. Ndani ni chini ya nyuzi sifuri hata kama nje ni 30. Wekeni nafasi ya somo la kikundi siku mbili mfululizo. Akimaliza anajua kusimama, kugeuka na kupanda mtambo, basi hapo mlima una maana. Na kama muda au fedha haviruhusu Zermatt, theluji ya Landgraaf ni theluji vilevile.

Dada yako, kama hataki kuteleza, asibaki hotelini. Hintertux na Klein Matterhorn zote zina mapango ya kutembelea ndani ya barafu yenyewe, na gari la kebo linauza tiketi kwa watembeaji.

*Nimeona kwenye video watu wanapanga foleni ya kupanda mlima alfajiri. Kwa nini wasisubiri jua litoke vizuri? Na kwa nini mchana wanafunga?*
— Msomaji, Masasi

Kwa sababu theluji ya Julai ina saa zake. Usiku wenye anga safi hewa ya mlimani hushuka chini ya sifuri na maji yaliyoyeyuka jana yanaganda. Saa moja asubuhi njia ni ngumu, skii zinakwaruza kwa kelele na mtu wa kawaida anateleza kando bila kupenda. Kati ya saa tatu na saa tano tabaka la juu hulainika sentimita moja au mbili huku chini kukiwa bado kugumu. Hapo ndipo raha ilipo, na mgeni apande wakati huo. Kuanzia saa sita inakuwa uji. Skii zinakwama ghafla, mwili unaendelea mbele, na magoti ndiyo yanayolipa. Sehemu nyingi zinafunga kati ya saa sita na saa nane mchana.

Mawingu ya usiku ni dalili mbaya kuliko watu wanavyodhani. Yanazuia joto lisitoke, theluji haigandi, na asubuhi unaamkia uji. Ukiona hivyo, okoa fedha ya tiketi.

Utaona pia makocha wakimwaga chumvi kwenye njia za mashindano, chumvi kama ile inayovunwa Lindi. Inayeyusha chembe za juu, kuyeyuka huko kunavuta joto kutoka kwenye theluji ya chini, na yale maji yanaganda tena kuwa ganda gumu. Linadumu saa chache tu.

Usitoke nje ya njia iliyowekewa alama, hata kama theluji ya pembeni inapendeza. Barafuto ina nyufa zenye kina cha makumi ya mita, na mwezi wa Julai daraja la theluji lililozifunika limeshakuwa jembamba.

*Mimi na mwenzangu tunavaa hijabu, na hatuna nguo za baridi kabisa. Tununue nini kabla ya kuondoka? Na je, ngozi yetu nyeusi inahitaji mafuta ya jua?*
— Msomaji, Lindi mjini

Msinunue skii, buti, fimbo wala helmeti. Vyote vinakodishwa. Nunueni kinachogusa mwili: fulana na suruali ya ndani ya sintetiki au sufu (pamba hapana, inashika jasho na kukupoza), sweta jepesi, soksi ndefu nyembamba, glavu zisizopitisha maji na miwani. Suruali ya jinzi iacheni. Ukianguka mara tatu imelowa, na ikilowa haikauki siku hiyo.

Kuhusu hijabu, vaeni mtandio mfupi uliobana au kofia ya kitambaa chini ya helmeti, na ncha zote ziingizwe ndani ya jaketi. Kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunaswa na mtambo wa kuburuta, na hiyo ni ajali mbaya. Buibui haliwezekani juu ya skii. Jaketi linalofika katikati ya mapaja na suruali pana ya theluji vinasitiri vizuri, na hakuna atakayewashangaa kwa sababu kila mtu pale amefunikwa hadi kidevuni.

Buti ndizo zinazoharibu siku ya wengi. Namba yake ni urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa sentimita 25 unavaa 25. Pima nyumbani jioni, mguu ukiwa umetanuka. Ukiwa dukani vaa soksi moja tu, piga kisigino chini mara mbili, kunja goti, ndipo ufunge vifungo. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja goti virudi nyuma. Vikiwa na nafasi ukiwa wima, buti ni kubwa, hata kama linakufurahisha. Soksi mbili hazisaidii, zinajikunja na kukata mguu. Mwambie mwenye duka uzito wako, urefu, umri na kwamba hujawahi kuteleza. Anatumia hayo kukaza kifungio kinachoachia skii unapoanguka. Ukiona haya na kupunguza kilo, skii itachomoka ovyo. Ukijisifu kuwa fundi, haitachomoka pale goti linapohitaji.

Mafuta ya jua ndiyo, SPF 50, pamoja na midomo na chini ya pua. Theluji safi inarudisha juu sehemu kubwa ya mionzi, kwa hiyo inakupiga kutoka chini pia. Ngozi nyeusi inachelewa kuungua lakini haikingi macho. Macho yasiyofunikwa huanza kuwasha na kutiririka machozi saa kadhaa baadaye, kama yamejaa mchanga. Miwani ya barabarani iliyo wazi pembeni haitoshi.

*Nina pumu, na mdogo wangu ana selimundu. Tunaweza kupanda huko?*
— Msomaji, Newala

Mdogo wako asipande Zermatt wala Hintertux bila daktari wake kuruhusu, na tunategemea atasema hapana. Klein Matterhorn ni juu kuliko kambi ya Horombo ya Kilimanjaro (mita 3,720), ambayo wapandaji wa njia ya Marangu wanaifikia siku ya pili. Gari la kebo linakufikisha kabla mwili haujashtuka. Hewa ya pale ina takriban theluthi mbili ya oksijeni ya ufukweni, na upungufu huo pamoja na baridi ndivyo vinavyoamsha maumivu ya selimundu. Hata mwenye kubeba vinasaba bila kuugua ameripotiwa kuumia wengu milimani, kwa hiyo pima kabla ya kuondoka kama ukoo wenu unao. Jumba la theluji liko chini, lakini baridi ni ile ile; aulize pia.

Wewe mwenye pumu hali si mbaya, ikiwa imedhibitiwa. Hewa kavu ya baridi inabana kifua, hivyo funika pua na mdomo. Dawa ya kuvuta ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana ikipoa sana inatoka kidogo. Lala kijijini, kunywa maji, na siku ya kwanza usipande. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, shuka. Kidonge cha maumivu hakibadilishi urefu wa mlima.

*Viza inasumbua?*
— Msomaji, Nachingwea

Inahitaji mpangilio. Ujerumani, Uholanzi, Austria, Uswisi, Italia, Ufaransa na Norwe zote ni Schengen, viza moja inatosha. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na usisubiri hizo za mwisho. Alama za vidole unatoa mwenyewe Dar es Salaam, ila kama ulishatoa ndani ya miezi 59 zinaweza kutumika tena. Kijana anayewaalika Ujerumani anaweza kutakiwa kujifunga rasmi kuwagharimia, karatasi inayoitwa Verpflichtungserklärung, na kwa mwanafunzi asiye na kipato ni vigumu. Andaeni taarifa zenu za benki.

Mkulima wa korosho, Julai ni mwezi wa kupulizia mikorosho salfa na fedha inatoka tu. Malipo ya mnada yakiingia benki kwa mkupuo, ambatisha stakabadhi za chama cha msingi, la sivyo ofisa ataona fedha ya kuazima. Na kwa fedha ya korosho, kwa nini kukimbizana na barafuto? Januari milima ya Alps yote iko wazi, na baada ya sikukuu za mwaka mpya bei zinashuka hadi likizo za shule za Februari.

Bima ya viza lazima ifikie euro 30,000, lakini nyingi hazihusishi michezo ya theluji. Uliza kwa maandishi kama zinalipia utelezaji na helikopta ya uokoaji. Ukivuka kutoka Zermatt kuteremkia Cervinia, Italia inadai tangu 2022 kila mtelezaji awe na bima ya kulipa atakayemgonga.

*Hakuna karibu zaidi?*
— Msomaji, Mikindani

Lipo jumba la Dubai, Ski Dubai, wazi tangu 2005, na Lesotho kuna Afriski kwenye milima ya Maluti, juu ya mita 3,000. Kwao Julai ni katikati ya baridi, na theluji nyingi ya pale hutengenezwa kwa mashine. Njia kuu ina urefu wa kilomita moja hivi, nayo inatosha kujifunzia. Unapita Afrika Kusini, ambako Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi. Msimu ni Juni hadi Agosti. Wikiendi hujaa watu wa Johannesburg, hivyo weka nafasi ya Jumatatu hadi Alhamisi.