Kazi ya ndoto iulize masika

Barua zenu za kuniuliza habari za kazi zimekuwa nyingi sana mwezi huu, nadhani kwa vile vijana wengi wamemaliza skuli wako majumbani wanahesabu siku. Nimechukua tatu. Ya mwanzo nimeijibu kwa urefu maana imenigusa.

*Assalamu alaykum mama, shkamoo. Miye kijana wa Wete, miaka 21, nimemaliza fomu siksi. Baba ni mwalimu na anataka na mimi niende ualimu. Rafiki yangu tuliesoma nae yuko kwenye meli kubwa ya watalii, kila siku anarusha picha, leo Ugiriki kesho Italia, sisi tuko barazani tunaangalia roho inatutoka. Tukikaa ni mabishano tu kazi gani ndo bora, huyu anasema rubani, yule daktari, mwengine meneja wa hoteli. Sasa kuna mtu kaniambia atanitafutia kazi melini ila nimpe kwanza milioni 2, na mama yuko tayari kuuza karafuu zake. Nifanyeje? Na kazi ya ndoto hasa ni ipi?*

Waalaykum salaam mwanangu, marhaba. Mwanzo kabisa, karafuu za mama zibaki kwenye gunia. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 na umesema waziwazi kwamba baharia hatozwi pesa ya kutafutiwa kazi, anayelipa ni mwenye meli. Wewe unaweza kujilipia paspoti yako, kitabu chako cha ubaharia na cheti chako cha afya, na masomo yako ya usalama melini ukienda kuyasoma chuo kinachotambulika, kile cha Dar es Salaam kwa mfano. Lakini mtu akikwambia nipe milioni 2 nikupe kazi, huyo hana kazi ya kukupa, ana haja na milioni 2 tu. Usimpe hata nusu, na paspoti yako usimuachie.

Haya, tuje kwenye ndoto yenyewe.

Mimi nshawahi kuwa na kazi ya kuonewa wivu. Nlipata risepsheni kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, jina silitaji, na siku nlipopata nyumbani kwetu palisomwa dua, shangazi zangu wakawa wananitambulisha kwa watu "huyu ndo yule wa hotelini". Na kweli ilikuwa inapendeza, marumaru, kiyoyozi, wageni wakiteremka garini mimi nawapokea na sinia la taulo ndogo za baridi zimeviringishwa, zinanukia mchaichai, na dafu pembeni. Jamaa zangu waliokuja kunitazama waliliona hilo sinia. Hawakuona kwamba nasimama saa tisa mfululizo mpaka nyayo zinawaka, wala kwamba mgeni akikosa maji ya moto saa nane ya usiku anaetukanwa ni mimi. Kisha ikaingia Aprili. Mvua ikashika, wageni wakakatika, tukaitwa ofisini mmoja mmoja tukaambiwa nendeni mkapumzike, Juni tutakupigieni simu. Mimi sikupigiwa. Nlikaa na simu mkononi mpaka Agosti, nikienda chooni naenda nayo.

Ndo maana kijana akiniuliza kazi gani nzuri namwambia iulize masika yake. Sisi tunaoishi visiwani tunajua, Disemba kila hoteli inang'ara, Mei ndo unajua nani ana kazi na nani alikuwa ameazimwa. Na kila kazi ina masika yake hata kama haihusiani na mvua, yaani ule wakati ambao hapigwi mtu picha.

Masika ya rafiki yako wa melini muulize yeye mwenyewe, lakini umuulize kwa simu mkiwa wawili, siyo kwenye komenti. Muulize mkataba wake miezi mingapi bila kurudi nyumbani. Muulize kwa siku analala kwa saa ngapi, kwa sababu sheria yenyewe inasema baharia apumzishwe saa 10 kwa uchache katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki, sasa piga hesabu mwenyewe zinazobaki za kazi ni ngapi. Muulize Idi ilimkuta wapi na alikula nini. Hapo Ugiriki alipopiga picha alishuka kwa saa ngapi? Akikujibu yote hayo na bado moyo wako unaitaka bahari basi nenda mwanangu, nenda ukasome, watu wa Pemba bahari si ugenini kwenu.

Rubani? Kwa viwango vya kimataifa leseni ya urubani wa kulipwa inataka takriban saa 200 za kuruka, na ile kubwa ya kukufanya kapteni wa ndege kubwa za abiria saa 1,500, na saa za mwanzo zile unazilipia mwenyewe, ni pesa ndefu. Halafu unapimwa afya kila baada ya muda, moyo au macho yakikataa leseni inasimama. Wale marubani wa vindege vidogo vya kwenu, Unguja Pemba dakika thelathini hivi, wanashuka wanapanda, safari ileile hewa ileile, siku ya upepo wa kusi mkali wanatoka jasho. Anaependa kurusha ndege atasema sijali. Anaependa yunifomu atachoka mwezi wa pili.

Udaktari ni miaka 5 ya chuo na mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo hospitali, na masika yake ni usiku. Umeneja wa hoteli nshakwambia nliyoyaona, na meneja nae alikuwa akilala na simu.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Mwaka 2009 watu wa utalii wa jimbo la Queensland kule Australia walitangaza kazi wakaiita kazi bora kuliko zote duniani. Ukae kisiwa cha Hamilton miezi 6, uogelee, uzamie, upige picha na kuandika, ulipwe dola za Australia 150,000 na nyumba juu. Wakaomba watu zaidi ya 34,000 dunia nzima! Akapata Muingereza mmoja, Ben Southall. Basi miezi ilipokaribia kwisha akaumwa na konyeza, vile viumbe laini vya baharini vinavyochoma, wale wadogo kama ukucha wa kidole lakini sumu yao inaweza kuua, akatibiwa akapona. Mimi nlipokisoma nlifikiria wavuvi wa Nungwi na wazamiaji wa pweza, bahari ileile ya buluu, konyeza nao wanawauma, na hakuna hata mmoja alieletewa fomu ya kuomba. Tofauti ni mshahara, na kwamba yule alijua siku yake ya kuondoka.

Usinielewe kwamba nasema kazi zote sawa. Pesa ni muhimu, mtu asikudanganye, kijana wa kiume wa Wete atadaiwa mahari na bati la nyumba. Lakini nnaona mkiwa barazani mnapanga kazi kwa pesa na sura tu, na mnasahau mambo ambayo ndo yanamfanya mtu aamke. Kazi inakuachia uamue kitu? Unaona mwisho wa ulichokianza? Kuna mtu ananufaika na unamjua? Wapo wasomi wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, mwaka 2001 waliandika kuhusu wafagiaji wa hospitali, kazi moja mshahara mmoja, lakini baadhi walijiona wanafuta sakafu tu na wengine walijiona wamo katika kumponya mgonjwa. Mmoja alikuwa akienda kuzihamisha picha ukutani kwenye vyumba vya wagonjwa waliopoteza fahamu, hakuna alomtuma, alidhani labda kubadilisha kidogo kutawasaidia.

Na baba yako je? Kabla hujaukataa ualimu nenda nae skuli siku moja nzima, ukae nyuma ya darasa. Huenda ukaukataa vilevile, sawa, lakini utaukataa ukiwa umeuona.

*Mama, mimi ni mkulima wa mwani Jambiani. Binti yangu ana miaka 16, wenzake wakimuuliza mama yako anafanya kazi gani anasema yuko nyumbani. Roho inaniuma. Na mwani wenyewe bei haipandi. Nimwambie nini?*

Pole dada yangu, na mimi imeniuma kusoma.

Mwani wa biashara ulianza pwani yenu ya mashariki mwaka 1989, na ulivyoanza kuna wanawake kwa mara ya kwanza walishika pesa zao wenyewe, wakasomesha, wakaezeka. Binti yako huenda hajui hilo, sisi wazazi hatuwahadithii. Hajui pia kwamba kottoni, ile aina ya mwani ya bei nzuri, imekuwa ikifa kwa sababu maji yamezidi moto, ikabaki aina ya spinosamu ya bei ndogo, kwa hiyo mkifa moyo sio uvivu wenu. Mwambie tu kama ulivyoniambia mimi, kwamba roho inakuuma.

Na bamvua lijalo, maji yakitoka sana, mchukue, lakini msimfanyie adhabu, mchukue kama mgeni. Afunge mwenyewe tai-tai, vile vikamba vya kushikia mwani, kwenye kamba moja tangu kijiti hadi kijiti, aone vidole vinavyokunjamana na chumvi inavyochoma pale ulipojikata, kisha mrudi baada ya wiki sita mvune ile kamba yake na pesa yake mpe mkononi. Lakini asibaki hapo kama hataki, wala usimlazimishe. Paje kuna kinamama wanatengeneza sabuni ya mwani, hapo kwenu kuna wanaofuga sponji za baharini, hizo nazo ni kazi za bahari na msichana aliesoma baiolojia vizuri anaweza kufika nazo mbali. Mpeleke akaone.

*Bibie, unatushauri sisi tu. Wewe ungerudi miaka 20 ungetaka kazi gani? Msomaji, Michenzani.*

Hii ninayoifanya ya kujibu barua naipenda, nliianza palepale hotelini, wasichana wa usafi walikuwa wakiniletea barua zao za malalamiko niwaandikie wakati wa chakula.

Lakini wallahi ningezaliwa mwanamme, au ningezaliwa wakati ambao mwanamke hafukuzwi pale, ningekuwa fundi wa majahazi Nungwi. Nlikuwa napita pale ufukweni kila nikitoka zamu. Fundi mmoja anachonga ubao kwa tezo, anatoboa kwa keekee, kipimo ni jicho lake, karatasi hamna. Miezi inapita chombo kinasimama mbavu tupu. Halafu wakati wa kalafati anaipitisha pamba iliyotiwa mafuta kati ya ubao na ubao, anaigonga taratibu kwa nyundo, tok tok tok, akifika mahali anasimama, anainamisha kichwa, anaigonga tena palepale. Siku moja nlimuuliza unasikiliza nini, akaniambia pakavu pana sauti yake.